Mtoto Mtulivu wa Mwenzangu

Binti yangu wa kwanza alizaliwa siku ya Jumamosi, tarehe 11 Februari 1956, katika kijiji kilichokuwa ng'ambo ya mto, mwendo mfupi kutoka stesheni ya Ruiru. Binti wa mwenzangu alizaliwa Ijumaa, tarehe 2 Machi mwaka huohuo, katika nyumba iliyopakana na yangu. Nazitanguliza tarehe hizi kwa sababu kulikuwa na watu, na baadhi yao wangali hai, waliopenda kusema kwamba mtoto wa mwenzangu ndiye mkubwa. Sivyo. Wangu ndiye aliyetangulia.

Ninaposema mwenzangu, namaanisha mke wa ndugu ya mume wangu. Kwetu sisi Wakikuyu, wake wa ndugu huitana mwiru, jina lilelile wanaloitana wake wa mume mmoja, nalo lina undugu na neno letu la wivu. Wazee wetu hawakuwa watu wa kuficha mambo. Mimi niliolewa mwaka wa 1953, yeye mwaka wa 1954. Alikuja akiwa amesoma hadi darasa la nne katika shule ya misheni, na jioni alimsomea mama mkwe wetu Injili, naye mama mkwe akafumba macho kama mtu anayekunwa mgongo. Mimi wakati huo nilikuwa nikichochea moto. Darasa la watu wazima nililiingia Januari 1961, nikiwa na watoto wanne, na tangu hapo hakuna aliyenisomea kitu. Lakini mwaka wa 1956 nilikuwa bado sijui herufi, na mwenzangu alikuwa mrembo, na sauti yake ilikuwa nzuri hata anapotaja vizazi vya wafalme.

Mila yetu humpa binti wa kwanza jina la mama wa baba. Kwa hiyo mabinti wetu wote wawili walipewa jina la mama mkwe, na yeye akawaita wote wawili "wajina". Katika mila hakuna kosa. Bibi anaweza kuzaliwa tena mara nyingi kadiri alivyojaliwa wana. Lakini moyo haugawanyi vitu kama mila igawanyavyo. Penye wajina wawili, mmoja wao huwa ndiye wajina hasa.

Ilikuwa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Tulikuwa tumehamishwa kutoka mashambani na kukusanywa kijijini, na asubuhi wanawake tulitolewa kwenda kazi ya lazima, kuchimba makinga maji kwenye miteremko. Watoto wachanga walibaki na mabibi. Mama mkwe alibaki na wajina wake wawili, mmoja kila upande wa mkeka, na turudipo mchana kunyonyesha alitutolea habari. Habari ilikuwa ileile.

"Huyu wa upande wa mlango," alisema, akimaanisha wangu, "ameniita majina yote mabaya niliyowahi kuitwa. Huyu mwingine hata sikujua yumo ndani."

"Wangu ana njaa, Mama," nilisema.

"Wa mwenzako hana tumbo?"

Wanawake waliokuwa wakipita walicheka. Mama mkwe akamnyanyua yule mtulivu, akamweka kifuani, akasema, "Huyu ndiye mimi."

"Na yule?" akauliza jirani mmoja mchokozi.

"Yule ni mama yake."

Nilimnyonyesha mwanangu nikiwa nimewapa mgongo. Maziwa nilikuwa nayo mengi, tena mengi mno. Nguo yangu ililowa kabla sijafika mlangoni. Mtoto wangu alinyonya, akapiga kelele, akanyonya tena, akanivuta nywele. Wa mwenzangu aliwekwa kifuani, akanyonya kidogo, akalala. Alipotolewa, alilala. Aliporudishwa mkekani, alilala. Ukimtazama ungesema amelelewa na malaika. Mimi nilimtazama sana. Nilimtazama kuliko mama yake alivyomtazama, kwa maana mwenye kuridhika haangalii, na mimi sikuwa nimeridhika.

Sasa inanipasa kueleza kuhusu chupa. Mume wa mwenzangu alikuwa amekamatwa Oktoba 1955 na kupelekwa kizuizini, mahali ambapo hatukuwa tukipajua. Mwenzangu, aliyekuwa na mimba, akakosa usingizi. Moyo ulimdunda, mikono ikamtetemeka, akawa anakaa macho hadi jogoo. Mwezi wa Novemba aliruhusiwa kwenda Thika mara moja, na katika zahanati moja ya huko akapewa dawa ya maji ya kutuliza moyo, kijiko kila jioni. Ilimfaa. Akalala, na hakuna aliyemlaumu. Baada ya hapo wake wa watu waliokuwa kizuizini hawakupewa tena pasi ya kutoka kijijini. Mimi nilikuwa na pasi, kwa sababu mume wangu alikuwa ameajiriwa kiwandani Thika na aliishi katika nyumba za wafanyakazi. Nilimwendea siku za Jumamosi, kwanza nikiwa na mimba, kisha mtoto akiwa mgongoni.

Basi nikawa mbeba chupa. Si chupa yake peke yake. Kila mwenye mgonjwa alinipa chupa yake tupu, iwe ilikuwa ya soda au ya mafuta ya taa iliyooshwa, na kila moja ilifungwa shingoni kitambaa cha rangi yake ili zisichanganyike. Dirishani pa zahanati nilizipanga, nikasema, "Hii ya kikohozi, kama ya mwanzo. Hii ya tumbo, kama ya mwanzo. Hii ya moyo, kama ya mwanzo." Dresa, msaidizi wa daktari, alizijaza. Ndivyo kijiji chetu kilivyotibiwa mwaka ule. Mgonjwa alibaki nyumbani, chupa ikaenda kwa daktari. Na chupa haizai. Chupa ya mwenzangu ilikwenda Thika Desemba ikiwa ya mwanamke mjamzito, ikaenda Aprili ikiwa ya mwanamke anayenyonyesha, na kitambaa chake kilikuwa chekundu safari zote mbili.

Kufikia Mei uso wa mwenzangu uliota chunusi. Uso ule niliokuwa nikiuona hata nikifumba macho ulijaa vipele vyekundu, kipajini na kando ya pua, kama wa mvulana anayebalehe. Nitasema kweli: nilifurahi. Nilimwambia atumie maji ya liwa, na nilimwambia mbele ya watu.

"Vitaondoka," alisema.

"Vitaondoka," nikakubali. "Kwangu havikuja."

Mapema Juni, nikiwa nimemshika mtoto wake huku yeye akifunga kuni, niliona kipajini mwa mtoto vipele vilevile. Havikuwa vya joto wala ukurutu. Watoto wa kijiji nilikuwa nimewaona wote. Vilikuwa vipele vya mama yake, vimehamia kwenye uso mdogo. Nilishangaa, kisha nikawaza nilichowaza, nacho hakikuwa cha hekima: kumbe kile anachokunywa kinafika kwa mtoto. Kumbe utulivu ule hakuujalia Mungu. Unatoka katika chupa yenye kitambaa chekundu, na mimi ndiye niibebaye.

Nikaitaka dawa hiyo. Nilitaka binti yangu alale upande wake wa mkeka na mama mkwe aseme hakujua kama yumo ndani.

Jumamosi, tarehe 16 Juni 1956, nilizipanga chupa dirishani. Dresa alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti ya kukwaruza na utani mwingi.

"Mama wa chupa," aliniambia, "leo umeleta ukoo wote?"

"Wote. Na hii ya moyo, nijazie na nyingine kama hiyo. Yangu."

"Moyo wako una nini? Umebeba kreti ya chupa kutoka kituo cha basi na huhemi."

"Moyo wangu mzima. Ni mtoto. Halali."

Akacheka. "Mtoto hapewi hii."

"Simpi mtoto. Nainywa mimi. Nikinywa mimi, atalala yeye, kama wa mwenzangu."

Aliacha kucheka. Aliishusha chupa yenye kitambaa chekundu, akaiweka upande wake wa dirisha, mbali na mkono wangu.

"Mwenye chupa hii ananyonyesha?"

"Tangu Machi."

"Na mtoto analala?"

"Analala vizuri. Kila mtu anamsifu."

"Mama, nisikilize. Akitolewa kwenye titi, analia?"

"Halii."

"Akipigwa na baridi, akiloa, akikaa muda mrefu bila kunyonya?"

Nilipofungua kinywa kujibu niliona jibu lenyewe, na sikulipenda. Mtoto yule sikuwahi kumsikia akilia tangu Pasaka. Dresa aliondoka, akarudi na muuguzi, mwanamke mwenye miwani aliyezungumza polepole. Aliniuliza habari za vipele, nikamwonyesha kwa kidole mahali vilipo kwenye uso wangu mwenyewe. Akasema dawa ile inaitwa bromaidi, nayo hupita katika maziwa ya mama, na kwamba mwili huitoa polepole sana, hivyo hujikusanya kwa mtoto kijiko juu ya kijiko. Mama asiinywe tena. Mtoto aletwe, na aletwe upesi, maana mtoto anayelala hivyo husahau kunyonya.

"Hatapewa pasi," nilisema. "Mume wake yuko kizuizini."

"Basi mlete wewe," alisema muuguzi.

Nilirudi kijijini jioni ileile bila kulala kwa mume wangu, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya siku ya Jumamosi. Nilimkuta mwenzangu akipepeta maharagwe mlangoni, mama mkwe kando yake, amempakata mtoto mtulivu. Niliyasema yote kwa mfululizo, kama nilivyoambiwa. Mwenzangu aliendelea kupepeta hadi nilipomaliza.

"Chupa yangu iko wapi?"

"Wameizuia."

"Wameizuia wao, au wewe?"

"Wao. Dawa inamlevya mtoto."

"Wako analia, kwa hiyo wangu amelewa." Aliuweka ungo chini kwa utaratibu. "Mwiru wangu, nakufahamu. Tangu siku mtoto huyu alipozaliwa unamtazama kama mtu anayetazama shamba la jirani. Sasa unataka nimwachishe ziwa. Unataka na mimi nirudi kukaa macho nikisubiri habari za mume wangu. Wako unamwona kila Jumamosi."

Sehemu kubwa ya aliyosema ilikuwa kweli. Huo ndio ulikuwa uzito wenyewe. Nilikuwa na habari ya kumwokoa mtoto, na katika kijiji kizima hapakuwa na mtu ambaye angeaminika kidogo kuliko mimi kuileta.

Nikamgeukia mama mkwe. "Mama, usiniamini. Mwamshe wajina wako."

"Amelala."

"Ndiyo, Mama. Mwamshe."

Mama mkwe alimfinya sikio taratibu. Akamkuna unyayo. Akamvua kitambaa na kumwacha wazi katika upepo wa jioni wa Juni, ambao kwetu ni upepo wa kuchukiza. Mtoto alifumbua macho nusu, akatutazama kama watu walio mbali, akayafumba. Mama mkwe akampiga kibao kidogo cha pajani, halafu kingine kisicho kidogo. Mtoto alikunja uso, mdomo ukafunguka, na hakuna sauti iliyotoka. Wangu, kutoka mgongoni kwangu, ndiye aliyelia, kwa sababu alikuwa ameona mtu akipigwa.

Mama mkwe alimfunika mtoto.

"Miezi yote hii namsifu," alisema. Kisha akaniuliza, "Pasi yako inasemaje?"

"Mwanamke na mtoto mchanga."

"Na mtoto wa pasi anaitwa nani?"

Nilitaja jina. Lilikuwa jina lake, na lilikuwa jina la wote wawili.

"Basi kesho utampeleka mtoto mwenye jina hilo," alisema.

Mwenzangu alilia usiku kucha, nilimsikia kupitia ukuta. Na alfajiri ndiye aliyenifunga mtoto mgongoni kwa mikono yake, akivuta mbeleko hata nikakosa pumzi. Nami nikamwachia wangu mikononi. Tulikuwa tumebadilishana, na hakuna kati yetu aliyependezwa na alichopokea.

"Mpe uji mwepesi kwa kijiko," nilimwambia. "Usimpe titi lako."

Nililisema kwa sababu muuguzi alinionya. Lakini nilikuwa nimengoja muda mrefu kumwambia mwanamke yule neno la namna hiyo, na sauti yangu ilijua. Yeye naye alijua. Aliinamisha uso, akasema, "Nimesikia."

Langoni, homugadi, mlinzi wa kijiji aliyewekwa na serikali, aliitazama pasi, akanitazama mimi, akamtazama mtoto.

"Leo amenyamaza huyu. Umemfanya nini?"

"Amechoka kupiga kelele," nilisema, na akacheka, akafungua.

Walimlaza mtoto hospitalini Thika na nikabaki naye hadi Jumanne. Walimpa maziwa tone kwa tone, wakimwamsha kwa kitambaa chenye maji. Muuguzi mwenye miwani alikuja akanieleza kwamba mama akamue maziwa na kuyamwaga kila siku, ili yasikauke, na kwamba baada ya majuma kadhaa, dawa ikishatoka mwilini, angeweza kumnyonyesha tena bila shaka yoyote. Niliuliza kama mama anyonyeshaye asinywe dawa kabisa. Akasema hapana, huo nao ni ujinga; dawa nyingi hazimdhuru mtoto, na mama mgonjwa asiyetibiwa huweza kumdhuru zaidi. Tatizo ni kunyamaza. "Kila ukisimama kwenye dirisha la dawa," alisema, "neno lako la kwanza liwe kwamba unanyonyesha, na umri wa mtoto." Nililishika neno hilo. Agosti nilipougua malaria nililisema kabla sijataja hata homa, nikapewa vidonge, nikaambiwa ninyonyeshe kama kawaida.

Ng'ombe wetu walikuwa wamechukuliwa, na maziwa ya kununua yalikuwa haba. Tuliporudi, swali lilikuwa ni nini mtoto atakunywa. Kila mtu alilitazama vazi langu lililolowa. Kwetu titi ni la mwenye mtoto; kunyonyesha wa mwingine halikuwa jambo la kutamkwa. Mama mkwe ndiye aliyelitamka.

"Hawa wawili ni mimi," alisema. "Mimi nikinyonyeshwa na wake wa wanangu wote, mwiko uko wapi?"

Nilimpokea. Siku za kwanza alinyonya kama mtu anayefanya jambo kwa heshima ya mwenye nyumba. Wangu alikuwa upande mmoja akipigania kilicho chake, yeye upande mwingine, na ilinibidi nimkune shavu asisinzie. Mwenzangu alikaa mlangoni akijikamua katika kibuyu, kisha akatoka kwenda kumwaga nyuma ya nyumba. Vipele vyake vilianza kukauka. Usingizi ulimtoka, nami nilimsikia akitembea, akisoma Injili kwa sauti ya chini bila mtu wa kumsikiliza.

Asubuhi moja mwanzoni mwa Julai nilimtoa mtoto wake kwenye titi kabla hajashiba, nimsogeze wangu, na akalia. Alilia kwa kinywa kilicho wazi, ngumi zimekunjwa, miguu ikinipiga tumboni. Mama mkwe alikuja mbio ameshika mwiko wa kusongea. Mwenzangu alifika mbele yake.

"Nipe," alisema.

"Hajashiba."

"Nimemsikia. Nipe nimshike."

"Akishiba."

Kifua chake kilikuwa kimelowa. Maziwa yalikuwa yameitikia ile sauti yenyewe, bila ruhusa. Alisimama akiniangalia nikimrudisha mtoto wake kwangu, na nikaona usoni mwake kitu nilichokuwa nikikifahamu kwa miezi mingi, maana nilikuwa nikiamka nacho. Sikuharakisha. Mtoto alinyonya akikoroma, jasho puani, hadi akaachia mwenyewe. Ndipo nikamkabidhi.

"Sasa wote wawili ni mama zao," mama mkwe alisema, akarudi jikoni.

Jumamosi, tarehe 4 Agosti, dresa na muuguzi walikubali mwenzangu amnyonyeshe tena. Nilirudi na ruhusa hiyo, bila chupa. Mwenzangu alikuwa ameoga. Alikaa kwenye kigoda, nikamwekea mtoto magotini, na nikakaa mkabala naye, kwa sababu niliona nina haki ya kutazama. Nilidhani mtoto atasita. Nilidhani atageuza shingo kunitafuta, angalau mara moja. Hakusita. Aliuzamisha uso kwa mama yake, mkono mmoja ukashika ushanga shingoni, na akanyonya kwa nguvu zote nilizompa mimi.

"Anauma," mwenzangu alisema, akicheka na machozi yakimtoka.

"Huuma," nilisema.

Wangu alikuwa amelala mgongoni. Upande wa kushoto, upande niliokuwa nikimpa yule mwingine, maziwa yalianza kushuka yenyewe, yakapenya nguo hadi kiunoni. Nikaivuta kanga juu, nikaikaza, nikaendelea kutazama.